Karakana ya Unga Limited iliyonirudisha kwenye Land Rover yangu

Januari 2025 nilikodi Fuso, nikapakia chasi, bodi, injini na maboksi thelathini na moja ya vipande vya Land Rover yangu, nikavisafirisha kutoka Moshi hadi eneo la Unga Limited, Arusha, mwendo wa kilomita zipatazo 80. Tangu siku hiyo, karibu kila Jumamosi nimepanda basi la alfajiri kwenda kufanya kazi kwenye gari langu mwenyewe ndani ya karakana ya mtu mwingine, na ninailipia nafasi hiyo kila mwezi. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wale wenye gari lililofunguliwa likabaki chini ya turubai nyuma ya nyumba, ambao zamani walilipenda na siku hizi wanapita upande wa pili wa nyumba ili wasilione. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa zaidi ya miaka mitano.

Mwenye karakana ameniomba nisitaje jina lake wala la karakana, kwa kuwa ana nafasi nne tu na zote zina magari kwa sasa. Nimeiheshimu haki yake hiyo. Atakayefika Unga Limited na kuwauliza wauza vyuma chakavu mahali ambapo mwenye gari huruhusiwa kushika spana mwenyewe, ataelekezwa.

Gari lenyewe ni Series III yenye chasi ndefu, ile ya inchi 109 kati ya ekseli mbili. Aina hii ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na langu lilitumika kwa miaka mingi katika shamba la kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro kabla ya mimi kulinunua mwaka 2018. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na nilidhani kwamba mtu anayeweza kueleza hatua nne za injini ubaoni hatashindwa kuifungua na kuifunga injini hiyo hiyo. Likizo ya kwanza nilifungua kila kitu. Nilifungua injini, giaboksi, ekseli, breki, milango, dashibodi na nyaya, nikapanga maboksi barazani na kuandika juu yake kwa kalamu ya wino ambayo mvua za masika ziliifuta. Injini niliipeleka kwenye gereji moja ya mjini, ikakaa huko miezi saba na kurudi ikiwa imepungua bolti kumi na moja.

Kwa muda mrefu niliilaumu gereji ile kwa kunivunja moyo, lakini leo naamini kwamba hata injini ingerudi kamili baada ya wiki mbili, ningeacha tu. Nilikuwa na muda wa saa moja tu kila jioni, na saa hiyo moja ilikuwa ikikutana na gari zima lililotawanyika. Nikitafuta nati ya mlango nilikuta pampu ya mafuta. Nikisafisha pampu nilikumbuka kwamba gasketi yake haipo. Giza likaingia, nikafunika turubai bila kitu chochote kuwa kimekamilika. Ukirudia jioni za namna hiyo mara mia moja, mkono wenyewe unakataa kushika spana. Uvivu haukuwa sababu, maana katika kipindi hicho hicho nilijenga banda la kuku na kumaliza uzio wa mawe. Gari tu ndilo lilikuwa limekoma kuwa gari machoni mwangu.

Oktoba 2024 Land Rover kwa mamia zilikusanyika Arusha, na rafiki yangu alinilazimisha twende, akiamini kwamba nikiona magari ya wenzangu moto utawaka upya. Nilirudi Moshi nikiwa na moyo mzito kuliko nilivyoondoka. Ninalisema hili kwa makusudi, kwa sababu ushauri wa kwenda kutazama kazi za wengine hutolewa kwa urahisi mno kwa mtu aliyekata tamaa. Gari lililokamilika likipita mbele yake linampima tu umbali wa njia iliyobaki. Shemeji yangu anayeishi Ngarenaro ndiye aliyenitajia karakana hii, na wala hakuniambia kwamba itanitia moyo. Aliniambia tu kwamba wana spana za inchi.

Jambo hilo la spana linastahili kuelezwa. Gereji nyingi za Arusha na Moshi zinaishi kwa Toyota, na spana zake ni za milimita. Bolti nyingi za Series III ni za kipimo cha inchi, kwa hiyo fundi asiye na spana ya nusu inchi au ya tisa kwa kumi na sita hutumia ya milimita inayokaribiana, ikateleza, na pembe za nati zikaisha. Land Rover nyingi za zamani ninazoziona zimeharibiwa nati zake na mafundi wenye nia njema kuliko zilivyoharibiwa na barabara. Hapa kuna seti mbili kamili za inchi ukutani, kila spana imechorewa kivuli chake kwa rangi nyeupe, na hakuna anayeondoka jioni mpaka kila kivuli kimejazwa.

Utaratibu wa malipo ni rahisi. Nafasi yenye paa, stendi nne za kuinulia gari na kabati la wavu lenye kufuli nailipia shilingi 70,000 kwa mwezi. Ukihitaji kijana wa kukusaidia, unamlipa shilingi 15,000 kwa siku. Kazi za kuchomelea na za mashine hupangiwa bei kila moja kwa wakati wake. Ushauri wa mzee mwenye karakana hautozwi, na ushauri huo ndio hasa unaonifanya nipande basi.

Siku ya kwanza Fuso ilipokwisha kushusha mzigo nilimwamkia, naye akaitikia, akazunguka chasi mara moja huku mikono ikiwa nyuma.

"Mwalimu, maboksi ni mangapi?"

"Thelathini na moja, mzee."

"Basi leo tutafungua moja. Mengine weka kabatini, na ufunguo nipe mimi."

Nilikuwa nimekuja na orodha ya kurasa nne. Aliisoma yote kwa heshima, akaikunja, akanirudishia, kisha akanionyesha gurudumu la nyuma upande wa kushoto na kuniambia kwamba hiyo ndiyo kazi ya siku nzima. Nilisafisha ngoma ya breki kwa brashi ya waya, nikabadilisha breki shuu na silinda yake ndogo, nikaosha beringi za habu kwa mafuta ya taa, nikazijaza grisi mpya, nikafunga, nikapaka rangi nyeusi. Kila nilipoelekea kugusa kitu kingine, hata bolti ya springi iliyokuwa sentimita chache kutoka mkononi mwangu, mzee alinirudisha kwenye gurudumu. Saa kumi jioni aliniambia nilizungushe. Lilizunguka kimya. Alifunga kitambaa cheupe kwenye habu, akaniambia kwamba pale hatutarudi tena.

Ndani ya basi, kabla hatujafika Usa River, niligundua kwamba nilikuwa nikiwaza gurudumu la kulia. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano kuitamani kazi iliyo mbele yangu. Kwa hatia nilikuwa nimeikumbuka mara nyingi. Kuitamani ni jambo jingine kabisa.

Kanuni ya kitambaa cheupe ndiyo huduma halisi ya karakana hii. Kazi hukatwa vipande vinavyoweza kuisha kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, na kipande kikiisha hakifunguliwi tena isipokuwa kwa sababu ya kweli. Mzee hakuwahi kunihutubia juu ya kanuni hiyo. Nilimuuliza mara moja ameipata wapi, akasema kwamba kwa miaka mingi alikuwa akinunua Land Rover zilizofunguliwa na kuachwa, na kila aliyemuuzia alikuwa na maboksi yaliyopangwa vizuri.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ilikuwa bodi. Wengi hudhani kwamba Land Rover za zamani hazipati kutu kwa kuwa bodi yake ni alumini, na ni kweli kwamba kampuni ya Rover ilipoonyesha gari hili kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao huko Uingereza baada ya vita ilhali alumini ilipatikana, na ndiyo sababu paneli zikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini na magnesi. Lakini chasi ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na abiria, ule unaobeba dashibodi na bawaba za milango, nao ni chuma. Pale metali hizo mbili zinapogusana na maji yakaingia kati yao, hutokea seli ndogo ya umeme, na alumini ndiyo inayoliwa. Hugeuka unga mweupe unaomomonyoka kwa kucha. Nimefundisha seli kwa miaka mingi kwa zinki na shaba ndani ya bilauri, na sikuwa nimewahi kuishika mkononi ikiwa imekula ukingo wa kifuniko cha gurudumu la gari langu.

Mafundi hapa walikata sehemu zote zilizooza za ukuta ule, hasa pale dereva anapoweka miguu na chini ya nguzo za milango, wakachomelea bati jipya. Hawakujaza puti ili kuficha matundu, jambo ambalo nimeliona kwingine mara nyingi. Kisha kabla ya kurudisha paneli za alumini tulipaka rangi yenye zinki kwenye chuma, na katika kila kiungo tukaweka ukanda mwembamba uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ili metali zisigusane. Ilichukua Jumamosi sita. Ukanda wa mpira hauonekani gari likishafungwa, na hakuna atakayeusifu, lakini ninajua kila mahali ulipo.

Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ilikwenda kwa mchongaji wa vyuma ambaye mzee hufanya naye kazi, ikarudi baada ya siku tisa ikiwa na silinda zilizopanuliwa kwa inchi 0.020 na pistoni za kipimo hicho. Siku ya kurekebisha vavu nilionyeshwa jambo lililonifurahisha kama mtoto. Injini hii ina vavu nane, na nafasi inayoachwa kati ya kila moja na mkono unaoisukuma ni inchi 0.010. Ili ujue vavu ipi iko tayari kupimwa, unatafuta iliyofunguka kabisa na kutoa namba yake kwenye tisa: ya nane ikiwa imefunguka, unapima ya kwanza; ya sita ikifunguka, unapima ya tatu. Nimeipeleka kanuni hiyo darasani, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliielewa haraka kuliko nilivyoielewa mimi.

Tulitoa plagi zote na kuizungusha injini kwa hendeli ya mkono hadi oili ilipopanda juu, kisha tukafunga plagi na kuiwasha. Haikuwaka, ilipiga kishindo kupitia kabureta. Mzee alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu na bila shaka alikuwa ameona kosa tangu mwanzo, ila aliniuliza tu silinda zinawaka kwa mpangilio gani. Nilihesabu kwa sauti, moja, tatu, nne, mbili, huku nikifuata nyaya kutoka kwenye distributa, nikakuta nimebadilisha ya pili na ya nne. Dakika tano baadaye injini iliunguruma. Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Juni, na nilitoka nje nikasimama kwa muda karibu na mjakaranda ulio kwenye lango.

Baada ya siku hiyo hamu iliniacha tena. Sikuitegemea hali hiyo, na ninadhani wengi hawaitegemei. Kwa miezi mitano nilikuwa nikielekea kwenye sauti ya injini. Nilipoisikia, kilichobaki kilikuwa nyaya, vioo na kufuli, na moyo ukasema umefika. Sikwenda kwa Jumamosi nne mfululizo, nikisingizia mitihani. Mzee hakunipigia simu kunilaumu. Alinitumia ujumbe mfupi kwamba Jumamosi inayofuata nisilete vifaa, nije na viatu vilivyofungwa tu.

Nilipofika nilikuta wamefunga kreti ya soda kwa mikanda juu ya chasi mahali pa kiti, tangi dogo la petroli likining'inia pembeni, na usukani mahali pake. Hapakuwa na bodi nyuma yangu wala kioo mbele. Aliniambia nipande. Niliingiza gia ya kwanza, nikaachia klachi polepole, na gari ambalo sikuwahi kuliendesha hata mita moja tangu nilinunue mwaka 2018 likasogea. Nilizunguka uwanja mara tatu, vijana wakicheka na kukimbia pembeni, nikajaribu breki ambazo nilizifunga kwa mikono yangu, zikashika sawasawa magurudumu yote manne. Niliposhuka niliomba ufunguo wa boksi la nyaya.

Nyaya ambazo nilizikwepa kwa wiki nne zilichukua Jumamosi tatu. Ukishajua lugha ya rangi zake, kazi hupungua nusu: kahawia hutoka kwenye betri moja kwa moja, nyeupe hupata umeme ukifungua swichi, kijani ni ya vifaa vinavyopita kwenye fyuzi baada ya swichi, bluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni ya kurudi kwenye bodi. Kijana anayenisaidia alinikataza kabisa kutumia waya wa rangi yoyote ile uliopatikana dukani, hata pale ambapo ungefanya kazi, kwa sababu atakayelifungua gari hili miaka ishirini ijayo atadanganywa na rangi hiyo.

Kabureta nayo ilihitaji uvumilivu. Zenith ya injini hizi ina tabia ya kupinda uso wa kiungo chake kutokana na joto, ikavuta hewa mahali pasipostahili. Hapa walitandika msasa mwembamba juu ya kioo cha dirisha na kuusugua uso ule taratibu hadi ukanyooka. Pia walinieleza jambo ambalo mwalimu wa fizikia alipaswa kulifikiria mwenyewe: Arusha iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400 na Moshi iko chini ya mita 1,000, kwa hiyo hewa ya Arusha ni nyepesi zaidi, na gari lililorekebishwa Moshi huelekea kula mafuta kupita kiasi huku juu na kuacha masizi kwenye plagi.

Kasoro zipo, nami nitazisema wazi. Karakana haina jenereta, na umeme ukikatika kuchomelea husimama. Nimepoteza Jumamosi tatu kwa namna hiyo baada ya kulipa nauli ya kwenda na kurudi. Paa la nafasi ya nne huvuja wakati wa masika, kwa hiyo ukipewa nafasi hiyo mwezi Machi subiri mwingine aondoke. Jirani ni karakana ya mbao, na vumbi lake halikubaliani na rangi. Mzee mwenyewe huwashauri wateja wapeleke gari kwingine kupakwa rangi ya mwisho, na ni ushauri wa kufuatwa. Risiti huandikwa kwenye daftari lake tu, nami ningependa kila mteja apewe nakala, maana kumbukumbu ya malipo ya mwaka mzima haifai kukaa upande mmoja. Kuna siku kijana mmoja alikaza bolti kupita kiasi kwenye alumini na kuharibu nyuzi zake. Walizirekebisha kwa gharama yao bila mimi kusema neno, lakini kama kungekuwa na spana zaidi ya moja ya kupimia nguvu ya kukaza, kosa hilo lisingetokea.

Anayelihitaji gari kwa biashara ya kupeleka wageni mbugani msimu ujao asije hapa. Kazi huenda kwa mwendo wa mwenye gari, na mzee hatakubali kuifanya yote huku wewe umekaa nyumbani. Nimemwona akimrudishia mteja pesa kwa sababu hiyo. Kwangu mimi inastahili nyota nne kati ya tano, na ile ya tano ningeitoa siku watakapoleta jenereta na kitabu cha risiti.

Desemba, baada ya kukata bima, niliendesha hadi Moshi na kurudi siku iliyofuata. Nilikwenda kwa kilomita 60 kwa saa, nikisimama Boma Ng'ombe kugusa habu moja moja kwa kiganja ili nione kama kuna iliyopata joto. Zote zilikuwa za uvuguvugu tu, na ya nyuma kushoto, ile ya siku ya kwanza, ndiyo iliyokuwa baridi kuliko zote. Gari bado halina paa, vioo vya milango havijafungwa, na mlango wa kulia unagonga nguzo yake kwa chini. Nafasi namba mbili nimeilipia hadi mwisho wa Machi, na boksi lililobaki bila kufunguliwa ni la ishirini na sita.